Ibn al-Haytham: Mfungwa Aliyetufunza Maana ya Mahali

Mwanafunzi wa Kiswahili hufundishwa mapema kwamba lugha yake ina namna tatu za kutaja mahali. Husema nyumbani pana watu, nyumbani kuna watu, au nyumbani mna watu, na kila kauli hubeba maana yake. Aghalabu sisi walimu huifundisha kanuni hii kama jambo la kukariri kwa ajili ya mtihani, kisha tukaendelea na ngeli nyingine. Hata hivyo, nyuma ya viambishi hivyo vitatu limejificha swali zito: mahali ni nini hasa? Je, ni kile kinachokizunguka kitu, au ni ule uwazi ambao kitu hicho huujaza?

Wapo watakaosema kwamba swali hili ni la wanafizikia na kwamba mtu wa lugha au wa sanaa hana haja nalo. Maisha ya mwanachuoni mmoja aliyefariki takriban miaka elfu moja iliyopita yanatuonyesha kwamba dai hilo halina msingi.

Abu Ali al-Hasan ibn al-Haytham alizaliwa mjini Basra, katika nchi ya Iraki, mnamo mwaka wa 965 hivi. Wanazuoni wa Ulaya, waliomsoma kwa Kilatini, walimwita Alhazen. Alibobea katika hisabati, elimu ya nyota na falsafa, na sifa zake zikavuka mipaka ya nchi yake.

Mwandishi wa wasifu Ibn al-Qifti, aliyeishi karibu karne mbili baadaye, anasimulia kwamba Ibn al-Haytham alidai angeweza kuyadhibiti maji ya Mto Nili ili yawafae watu wakati wa mafuriko na wakati wa kiangazi pia. Habari hizo zilimfikia al-Hakim, khalifa wa Kifatimi aliyetawala Misri kuanzia mwaka wa 996, naye akamwita Kairo na kumpa watu wa kufanya kazi hiyo. Msafara ulielekea kusini mpaka karibu na Aswan. Njiani, Ibn al-Haytham aliyatazama majengo ya Wamisri wa kale na kustaajabia jinsi yalivyopimwa kwa ustadi. Akatambua kwamba, lau kazi ile ingewezekana, watu wenye maarifa kama yale wasingekosa kuifanya. Alirudi na kukiri kwamba ameshindwa. Bwawa Kuu la Aswan, lililokamilika mwaka wa 1970, lilikuja kuonyesha kwamba wazo lake halikuwa la kipuuzi. Kilichokosekana ni zana.

Kukiri kushindwa mbele ya al-Hakim hakukuwa jambo dogo, kwani mtawala huyo alijulikana kwa ukali na kwa kugeukageuka. Ibn al-Qifti anaeleza kwamba khalifa alimpa mtaalamu huyu wadhifa serikalini, naye kwa kuyahofia maisha yake akajifanya mwendawazimu. Mali yake ikawekwa chini ya uangalizi, naye akafungiwa nyumbani. Aliendelea na hali hiyo mpaka al-Hakim alipotoweka mwaka wa 1021. Ndipo akili zake, kwa macho ya watu, zikamrudia ghafla.

Ni katika miaka hiyo ya Kairo ambapo mtu huyu, aliyenyang'anywa nafasi ya kutembea, aliifikiria nafasi kwa undani. Kitabu chake kikuu, Kitab al-Manazir, kina juzuu saba kuhusu nuru na kuona. Kabla yake, Euclid na Ptolemy walishikilia kwamba jicho hutoa miale inayokwenda kuvigusa vitu. Ibn al-Haytham alionyesha kwamba mambo ni kinyume: nuru hutoka kwenye vitu na kuingia jichoni kwa mistari iliyonyooka. Alilithibitisha hilo kwa majaribio. Aliweka taa kadhaa mbele ya tundu la chumba chenye giza, na kila taa ikatoa doa lake ukutani. Alipoifunika taa moja, doa lake pekee ndilo lililotoweka.

Fauka ya hayo, aliuliza jinsi tunavyotambua umbali. Jibu lake lingali linafaa darasani. Alisema kwamba jicho peke yake halitoshi, na kwamba akili hukadiria. Tangu utotoni tunaipima ardhi iliyo karibu kwa nyayo na kwa mikono yetu, kisha tunakitumia kipimo hicho kukadiria yaliyo mbali, mradi vipo vitu vilivyopangika kati yetu na tunachokitazama. Kwa msingi huo alieleza kwa nini mwezi unaochomoza huonekana mkubwa kuliko ulio utosini: tunapoutazama juu ya upeo wa macho, vitu vilivyo katikati hutufanya tuudhani uko mbali zaidi, na hivyo akili huuona mkubwa.

Katika risala yake juu ya mahali, alithubutu kumpinga Aristotle mwenyewe. Aristotle alifundisha kwamba mahali pa kitu ni uso wa ndani wa kile kinachokizunguka. Mahali pa maji, basi, ni uso wa ndani wa mtungi. Ibn al-Haytham akatoa mfano wa kiriba kilichojaa maji. Ukikibana, maji hutoka mdomoni, lakini ngozi inayoyazunguka yaliyobaki ni ile ile. Itakuwaje maji mengi na maji machache yawe na mahali pamoja? Vivyo hivyo, ukichonga mashimo katika kitu kigumu, kitu hicho hupungua huku uso unaokizunguka ukiongezeka. Kwa hiyo alihitimisha kwamba mahali ni ule uwazi wenye urefu, upana na kina ambao akili huuwaza na ambao kitu huujaza. Mahali likawa jambo la kupimwa kihisabati.

Hapana shaka kwamba si wote waliokubali. Abd al-Latif al-Baghdadi, aliyefariki mwaka wa 1231, aliandika kumtetea Aristotle dhidi yake. Mjadala uliendelea kwa karne nyingi. Newton aliona nafasi kuwa kitu kinachojitegemea, Leibniz akaiona kuwa uhusiano tu baina ya vitu, na Einstein akaiunganisha na wakati.

Wasanii nao hawakuachwa nyuma. Kitab al-Manazir kilitafsiriwa kwa Kilatini mnamo mwaka wa 1200 hivi, kisha kwa Kiitaliano katika karne ya 14. Lorenzo Ghiberti, mchongaji wa milango maarufu ya shaba ya Florence, alinakili sehemu ndefu za kitabu hicho katika maandishi yake kuhusu sanaa. Fundi yule alitaka kujua jinsi ya kuonyesha kina juu ya bamba la shaba, na sehemu ya jibu aliipata kwa mtaalamu wa Basra.

Ibn al-Haytham alifariki Kairo mnamo mwaka wa 1040 hivi. Baada ya kuachiliwa aliishi karibu na msikiti wa al-Azhar, akijipatia riziki kwa kunakili vitabu vya hisabati, vikiwemo vya Euclid na Ptolemy. Kwa mkono mmoja aliwanakili wakongwe hawa, na kwa mkono mwingine akawasahihisha, kwani aliamini kwamba mtafuta ukweli hana budi kuyashuku hata maandiko anayoyaheshimu.

Hapa ndipo sisi walimu tunapoguswa. Tumezoea kumwambia mwanafunzi achague: sayansi au lugha, hesabu au sanaa. Isitoshe, bado wapo wanaodai kwamba Kiswahili hakiwezi kuyabeba mawazo ya sayansi. Kiswahili tayari kina neno nafasi, lenye mzizi mmoja na neno la Kiarabu la pumzi, nasi tunalitumia kwa uwazi, kwa wakati na kwa fursa. Kina pia pa-, ku- na m- za kutofautisha mahali mahususi, mahali pasipo na mipaka na mahali pa ndani. Mwalimu atakayefundisha ngeli hiyo kesho na achukue mtungi wa maji aingie nao darasani. Awaulize wanafunzi mahali pa maji ni wapi, kisha awaache wabishane. Huenda mwalimu wa fizikia akapita dirishani, akasimama kusikiliza.