Joginder Singh, fundi aliyeziendesha mbio kwa spana

Shabiki wa Shinyanga hahitaji kufundishwa kwamba mchezo unataka mfuko. Mwadui ni timu ya mgodi wa almasi, na Geita Gold jina lake tu linakwambia inakula wapi. Lakini soka angalau linaanza na mpira mmoja na kiwanja cha vumbi. Mbio za magari zinaanza na gari, halafu matairi, halafu mafuta, halafu gari lenyewe linavunjika na unaanza upya. Ndiyo maana kijana wa Kahama au Geita mwenye mzuka wa usukani huota kwanza kupiga shimo lenye dhahabu, mengine baadaye. Joginder Singh alipita njia nyingine kabisa.

Alizaliwa Kericho, Kenya, mwaka 1932. Kericho ni mji wa chai, ila kwao kulinuka oili: baba yake, Battan Singh, Kalasinga aliyetoka Punjab, alikuwa na gereji. Kijana akakua na spana mkononi. Mwaka 1958 akapata kazi ambayo leo ungeiona ya kawaida tu. Chama cha wenye magari, Royal East African Automobile Association, kilimchukua kuwa fundi wake wa kwanza wa doria. Kazi ilikuwa kuzunguka barabarani na kuwanasua wenye magari yaliyozimika. Huko hakuna stoo ya spea wala mtu wa kumuuliza. Unatengeneza na ulichonacho, gari liondoke.

Tazama hapo alichopata. Mshahara, sawa. Lakini pia alikuwa analipwa kujifunza barabara zilezile na ubovu uleule ambao Safari Rally ingemletea. Mwaka 1959 akaingia kwenye mbio hizo kwa mara ya kwanza, akiwa na miaka 27, umri ambao straika wa Bongo anaanza kuulizwa lini anatundika daluga.

Safari ilianza mwaka 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, na ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Miaka ya mwanzo magari yalitakiwa kuwa yaleyale yanayouzwa dukani, tena yakapangwa madaraja kwa bei. Hiyo iliwafungulia mlango watu wenye kazi zao za kila siku. Baadaye viwanda vikubwa vikaleta timu na madereva wa kulipwa, na bado tope likawanyoosha: mwaka 1963 waliomaliza walikuwa saba tu, na mwaka 1968 saba tena.

Sasa njoo Pasaka ya 1965. Joginder na mdogo wake Jaswant walikuwa na Volvo PV544 ya mkononi, gari lililokwishachezeshwa mbio na wengine. Mtumba, kwa lugha ya mtaani. Wakalishughulikia wenyewe, likaanza likiwa namba moja barabarani, na likarudi likiwa la kwanza. Timu za viwanda zilipigwa na mafundi wawili wenye gari la mitumba. Kwa soka, ni kama timu ya ligi daraja la kwanza iende Kwa Mkapa na basi la kukodi, iondoke na kombe.

Kuna jambo ambalo wengi hulipita haraka. Dereva wa kiwanda akivunja gari, anaenda hotelini kulala na bili inakwenda Ulaya. Mwenye gari lake akilivunja, amevunja na mfuko wake. Si ajabu basi kwamba Joginder alikimbia Safari 22 na kumaliza 19. Alijua kila boliti inauzwa bei gani.

Baadaye pesa za viwanda zilimfuata mwenyewe. Akiwa na David Doig pembeni, alishinda mwaka 1974 kwa Mitsubishi Lancer ndogo ya lita 1.6, Björn Waldegård wa Sweden akashika nafasi ya pili na Porsche yake. Mwaka 1976 akashinda tena, na Lancer zikazoa nafasi zote tatu za juu. Hakuna aliyewahi kuchukua Safari mara tatu kabla yake. Wazungu walimwita Sikh anayepaa. Wakenya wakamwita Simba.

Shekhar Mehta akaja kuipita rekodi hiyo, akafikisha tano mwaka 1982. Mehta alikuwa moto wa kuotea mbali, hilo halina ubishi, ila alizaliwa Uganda katika familia ya wenye mashamba makubwa. Anayetaka kuwapima wawili hao kwa idadi ya vikombe tu, na apime.

Joginder alifariki London Oktoba 20, 2013, akiwa na miaka 81.