Karl Ziegler

Karl Ziegler (26 Novemba 1898 – Agosti 1973) alikuwa mwanakemia kutoka nchi ya Ujerumani. Anajulikana hasa kwa kugundua vichocheo vinavyowezesha kutengeneza plastiki bila shinikizo kubwa. Mwaka 1963 alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia pamoja na Mwitalia Giulio Natta.

Maisha

Ziegler alizaliwa Helsa karibu na mji wa Kassel. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kilutheri. Alisoma kemia katika Chuo Kikuu cha Marburg akapata udaktari mwaka 1920, kisha akafundisha Heidelberg na Halle. Mwaka 1943 alichukua uongozi wa taasisi ya utafiti wa makaa ya mawe mjini Mülheim an der Ruhr, kwa sharti kwamba awe huru kuchunguza atakacho, hata kisichohusu makaa.

Ugunduzi wa mwaka 1953

Ziegler alikuwa akijaribu kuunganisha molekuli za gesi ya ethilini kuwa minyororo mirefu kwa msaada wa misombo ya alumini. Siku moja mwanafunzi wake Erhard Holzkamp alipata mnyororo wa molekuli mbili tu. Uchunguzi ulionyesha kwamba mabaki kidogo ya nikeli ndani ya chombo ndiyo yaliyokatisha mnyororo. Mtu mwingine angekisafisha chombo na kuendelea, lakini Ziegler aliagiza metali nyingine zijaribiwe moja baada ya nyingine. Heinz Breil alipata plastiki kwa kutumia zirikoni, na Heinz Martin akaona kwamba titani inafanya kazi haraka hata katika shinikizo la kawaida la hewa. Njia iliyotumika Uingereza wakati huo ilihitaji shinikizo zaidi ya mara 1,000 ya hilo.

Kesi za hataza

Hataza ni haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake. Haitolewi kwa jambo ambalo tayari lilijulikana au kuandikwa na wengine, kwa hiyo tarehe ya ombi ina uzito mkubwa.

Ziegler aliwasilisha ombi lake la kwanza tarehe 17 Novemba 1953, akadai ethilini na kuiacha propilini, gesi inayofanana nayo. Kampuni ya Montecatini ya Italia ilikuwa na mkataba naye na ilipata habari za kichocheo. Natta, aliyekuwa mshauri wake, alipata polipropilini Machi 1954, na ombi likawasilishwa Italia tarehe 8 Juni. Ombi la Ziegler juu ya propilini lilifuata tarehe 3 Agosti, karibu miezi miwili baadaye. Urafiki wa wanasayansi hao wawili uliharibika. Maabara ya Natta ilitengeneza pia kopolima, yaani mnyororo mmoja wenye ethilini na propilini pamoja, ambayo hutumika kama mpira.

Nchini Marekani kampuni tano zilianza kugombea polipropilini mwaka 1958, Montecatini ikiwa mojawapo. Mwaka 1980 mahakama ya Delaware iliipa ushindi kampuni ya Phillips, ambayo watafiti wake walikuwa wameipata mwaka 1951 kwa kichocheo kingine. Hataza yenyewe ilitolewa mwaka 1983.

Ombi la Ziegler juu ya polipropilini lilifika mahakama ya rufaa ya Marekani mwaka 1993, miaka 20 baada ya kifo chake. Swali lilikuwa kama hati ya Agosti 1954 ilitosha kumpa tarehe hiyo. Hati ilisema kitu kilichopatikana kilifanana na plastiki na kingeweza kukandamizwa kuwa utando. Majaji waliona kwamba haikutaja matumizi yoyote halisi, wakaikataa tarehe hiyo. Hivyo kazi za watu wengine zilizotangulia ombi lake la Marekani zikahesabiwa dhidi yake. Kwa msomaji wa leo ni vigumu kuamini kwamba mwanakemia wa Nobel alishindwa kwa kutoandika kitu hicho kinafaa kwa nini.

Leseni za hataza zake nyingine zilimletea fedha nyingi. Mwaka 1968, alipotimiza miaka 70, yeye na mkewe Maria walitoa takriban Mark milioni 40 kwa ajili ya utafiti wa taasisi ya Mülheim. Alistaafu mwaka 1969 na kufariki katika mji huohuo.