Aristide Bergès na Kijito cha Lancey

Safari hii tunawaletea maisha ya Mfaransa mmoja aliyepata nguvu nyingi katika kijito ambacho wengine wangekiruka tu.

Aristide Bergès alizaliwa mwaka 1833 huko Lorp, kusini-magharibi mwa Ufaransa. Baba yake alikuwa mtengenezaji wa karatasi. Kijana akasomea uhandisi Paris, na mwaka 1867 akafika Lancey, karibu na Grenoble, kufunga mashine za kusaga miti iwe rojo la karatasi. Mashine hizo zinakula nguvu mno. Bondeni ulikuwapo mto mkubwa, Isère, lakini huo unapita tambarare. Kijito cha Lancey kilikuwa chembamba, ila kilishuka wima kutoka milima ya Belledonne.

Bergès alichagua kijito. Hata sisi tuliokuwa tukisinzia katika kipindi cha fizikia tunakumbuka kwamba nguvu ya maji ni wingi wake ukizidishwa kwa kimo cha anguko. Lita 100 kwa sekunde zikianguka mita 200 hutoa karibu kilowati 196, kabla ya kutoa zinazopotea katika mitambo. Penye anguko la mita 2, nguvu hiyohiyo ingetaka lita 10,000 kwa sekunde!

Mwaka 1869 alijenga bomba lenye anguko la mita 200. Halikuwa jambo la mchezo: katika kina hicho maji husukuma kila sentimita ya mraba ya bomba kwa uzito wa kilo 20 hivi, na bomba likipasuka, kiwanda kiko chini yake. Mwaka 1882 akathubutu kufikia mita 500.

Ilibaki taabu ya majira. Kijito kilijaa theluji ilipoyeyuka, kikakonda wakati wa baridi kali. (Nasi tunayo mito inayonguruma masika, na kiangazi ikabaki mawe, anayeipima masika tu amejidanganya.) Bergès akapanda hadi ziwa Crozet, juu milimani, akalifanya ghala lake la maji.

Katika Maonyesho ya Paris ya mwaka 1889 alieneza jina la makaa meupe, yaani maji ya milimani yanayofanya kazi ya makaa ya mawe. Alifariki Lancey mwaka 1904. Nyumba yake siku hizi ni makumbusho.