Aw Barkhadle: Sheikh wa kitambo ambaye bado anafunza watoi wa Garissa kusoma

Kama umewahi kupita Bula Iftin pale Garissa asubuhi mapema, hiyo sauti unaijua. Watoi wamejaa duksi, kila mmoja na loox yake, ule ubao wa kuandikia kwa wino wa mkaa, wanaimba kwa nguvu: alif la kor dhabay, alif la hoos dhabay, alif la goday. Labda ulidhani ni Kiarabu. Zii. Ni Kisomali, na kuna msee anasifiwa kwa kuitunga.

Anaitwa Sheikh Yusuf al-Kawneyn. Wasomali wanamjua kama Aw Barkhadle, yaani mzee mwenye baraka. Aliishi karibu miaka 800 iliyopita, upande wa Zeila na Hargeisa ya leo, akieneza dini kwa wafugaji. Hadithi zake ni noma. Moja inasema alishindana na mchawi anaitwa Bu'ur Ba'ayr, aliyejigamba anaweza kupita katikati ya mlima. Jamaa akaingia, sheikh akaomba dua, mlima ukajifunga. Hakutoka tena.

Lakini kazi yake kubwa ilikuwa ya darasa. Kiarabu kina alama ndogo ndogo za kusomea, na majina yake ni ya Kiarabu. Sasa mtoi wa mfugaji anayeongea Kisomali tu angeshika aje? Sheikh akazipa majina ya Kisomali. Kor ni juu, hoos ni chini, goday ni iliyokunjwa. Ya juu unasoma a, ya chini i, iliyokunjwa u. Mtoi akisikia jina, anajua pa kuangalia na sauti ya kutoa. Imeisha hiyo.

Cheki sasa. Mwaka wa 1919, Rudolf Steiner alifungua shule ya kwanza ya Waldorf huko Stuttgart, Ujerumani, watoto waimbe na watumie mikono kabla ya kubanwa na vitabu. Leo kuna wazazi Nairobi wanalipia hiyo elimu. Huku North Eastern, watoi walishaanza kusoma kwa kuimba zamani sana. Sisemi duksi ni paradiso, kiboko kiko. Lakini njia ya sheikh inafanya kazi.

Na imebeba watu. Januari 2020, baada ya walimu watatu kuuawa Kamuthe, TSC iliondoa walimu wasio wenyeji Garissa, Wajir na Mandera. Shule nyingi zikabaki bila mwalimu. Maalim wa duksi hakupewa barua ya uhamisho. Yeye ni wa pale pale.

Sera ya Kenya inasema mtoto wa PP1 hadi Grade 3 afunzwe kwa lugha ya eneo lake. Lakini huyu mtoi akitoka duksi anapewa kitabu cha Kizungu, akinyamaza anaitwa mjinga, na alama alishajua kusoma.

Sheikh amezikwa karibu na Hargeisa, kwenye kijiji chenye jina lake, na watu bado wanaenda ziara. Wewe je, ulifunzwa kusoma kwa lugha gani?