George Müller: Kijana Mwizi Aliyepata Baba

Somo: Zaburi 68:5

Kila nikihubiri kwamba Mungu ni Baba, naona nyuso kadhaa zikiinama. Kuna mtu kati yetu ambaye akisikia neno baba, anachokumbuka ni kiboko, ama mlango uliofungwa. Huyo ndiye namwandikia leo.

Müller alizaliwa Prussia mwaka 1805. Baba yake alikuwa mtoza ushuru wa serikali, na alimpendelea George kuliko ndugu yake. Aliwapa pesa wakiwa wadogo ati wajifunze kuzitunza. Kumbe George alikuwa mwizi! Hajafika miaka kumi, alikuwa anadokoa pesa za serikali. Siku moja mzee akahesabu pesa, akaziacha chumbani na kijana, kisha akamkagua. Zilipatikana ndani ya kiatu, chini ya unyayo. Akachapwa, na wapi, hakuacha. Usiku mama yake alipokuwa anakata roho, yeye alikuwa anacheza karata, akiwa na miaka 14 tu. Akiwa na 16 akaingia jela kwa kulala hotelini bila kulipa. Baba akalipa deni, kisha akamchapa tena.

Yule mzee alitaka kijana awe mchungaji ili uzeeni apate mahali pazuri pa kukaa. (Sisi nasi si tunasomesha watoto kwa hesabu kama hiyo?) Basi George akasomea uchungaji Halle bila kumjua Mungu. Mwaka 1825 rafiki akampeleka kwa mkutano wa maombi nyumbani kwa mtu, na hapo kwa mara ya kwanza maishani akaona mtu akipiga magoti kuomba. Akaokoka. Alipotaka kuwa mmisionari, baba akakasirika sana. George naye akaona si haki kuendelea kula pesa za mzee ilhali hatatimiza matumaini yake. Akaacha kuzipokea. Hapo ndipo alianza kumtegemea Baba wa mbinguni, kwa karo na chakula, mambo ya kawaida kabisa.

Akaenda Uingereza mwaka 1829, akaoa, akakataa mshahara wa kanisa, na mwaka 1836 akafungua nyumba ya yatima mjini Bristol. Sababu yake kuu itakushangaza. Aliwahurumia watoto, ndiyo, lakini zaidi alitaka waumini waone kwa macho kwamba Mungu bado hulisha watoto wake. Kwa hivyo hakuomba mtu hata senti.

Wengi hufikiri pesa zilikuwa zinamiminika tu. La! Mwaka 1838 ziliisha kabisa, siku baada ya siku. Mwezi wa Septemba mama mmoja akaleta pesa alizotumwa na binti yake kutoka upande wa London. Alikuwa amekaa nazo siku kadhaa, na amepanga jirani kabisa na nyumba ya wavulana! Müller alifurahi: msaada ulikuwa karibu muda wote huo, na Mungu aliuchelewesha ili watoto wake waombe. Mimi naona hilo ni gumu kumeza, lakini yeye alilimeza.

Mwaka 1857 mtambo wa kupasha nyumba joto ulivuja, na ndani kuna watoto 300. Ilikuwa karibu na Desemba, upepo wa kaskazini unakata. Akaomba vitu viwili: upepo wa kusini, na mafundi wenye moyo wa kazi. Upepo ukageuka, na mafundi wenyewe wakasema heri wafanye kazi usiku kucha. Kufikia 1870 majumba yalikuwa matano, yenye nafasi ya watoto zaidi ya 2,000.

Sasa, mpendwa uliyemzika mtoto, usidhani Müller hakujua uchungu huo. Mwanawe Elijah alikufa mwaka 1835, akiwa bado mdogo, hata kabla nyumba ya kwanza kufunguliwa. Mwaka 1853 binti yake wa pekee, Lydia, akaugua homa kali, akafika mlango wa kaburi. Müller akamwacha mikononi mwa Baba yule yule aliyemchukua Elijah. Lydia akapona, na kwa karibu miaka 30 akawatumikia yatima wa Bristol bila mshahara. Alikufa mwaka 1890. Habari zilimkuta baba yake India, akiwa na miaka 84, safarini kuhubiri.