Barghash na manowari iliyopitwa na wakati

Kiswahili kinachosikika sokoni Gitega na Muyinga kilipanda bara kutoka pwani, kwanza na misafara ya Ujiji. Enzi za misafara hiyo, mtawala wa pwani alikuwa Sayyid Barghash bin Said, Sultani wa Zanzibar kuanzia 1870.

Ujanani aliwahi kumwasi kaka yake Majid, akapelekwa uhamishoni Bombay. Alipokalia kiti, kimbunga cha Aprili 1872 kilimvunjia merikebu zake. Mwaka uliofuata Waingereza wakamlazimisha kufunga soko la watumwa.

Alihitaji manowari mpya. Akaagiza kwa Denny wa Dumbarton, Scotland, ikakamilika 1878 kwa zaidi ya pauni 32,000: mbavu za chuma, mbao za msaji, mizinga midogo 7 ya kushindiliwa mdomoni na bunduki moja ya Gatling. Akaiita Glasgow, kwa kuwa ilifuata umbo la manowari ya Kiingereza ya jina hilo. Hapo ndipo alipopotea, kwa maoni yangu: aliyoiga ilikuwa ya mbao, ya 1861, na wenyewe waliiuza ivunjwe 1884.

Agosti 1885 manowari za Wajerumani zilitia nanga mbele ya kasri lake zikidai bara. Glasgow haikufaa kitu, Barghash akakubali. Alifariki Machi 1888.

Waingereza waliizamisha tarehe 27 Agosti 1896, katika vita visivyofika saa moja. Milingoti ilibaki imechomoza bandarini hadi mabaki yalipobomolewa 1912, mwaka uleule Wajerumani walipoanzisha kituo chao Gitega.