Cyprien Rugamba, Mtunzi wa Nyimbo na Ngoma

Katika toleo hili la kumbukumbu kamati imetuomba sisi walimu tuandike maisha ya mtu mmoja anayewafaa watoto wetu kumjua. Tumemchagua Cyprien Rugamba wa Rwanda. Wazee wengi wanazijua nyimbo zake, kwa kuwa Kinyarwanda na Kirundi ni ndugu, na nyimbo huvuka mpaka bila kuonyesha karatasi.

Rugamba alizaliwa karibu mwaka 1935 huko Cyanika, upande wa Gikongoro. Aliingia seminari akitaka kuwa padri, lakini imani ikamtoka, akaacha. Alisoma historia hapa Burundi, kisha Ubelgiji. Baadaye aliiongoza taasisi ya utafiti ya taifa mjini Butare, ambako alichunguza mashairi na nyimbo za kale.

Hakutaka mambo hayo yabaki kwenye makaratasi. Alianzisha kundi la Amasimbi n'Amakombe, akatunga maneno, sauti na mchezo wenyewe. Katika ngoma za kwao wimbo una nusu mbili, moja ya sikio na moja ya jicho: mikono iliyoinuliwa kama pembe za ng'ombe, njuga miguuni, nywele ndefu za nyuzi vichwani mwa intore. Rugamba alizishika nusu zote mbili. Nyimbo zake zilisifu kugawana na kukemea uroho.

Nyumbani hakuwa malaika. Mchumba wake wa kwanza aliuawa katika mauaji ya mwaka 1963. Mwaka 1965 alimwoa Daphrose Mukansanga, wa ukoo wa marehemu. Kwa miaka mingi alimtesa moyo kwa kukosa uaminifu, hata akamrudisha kwao kwa muda. Daphrose alivumilia. Mwaka 1982 Rugamba aliugua sana, akairudia imani na kumwomba mkewe msamaha. Tangu hapo walifanya kazi pamoja. Mwaka 1990 walianzisha jumuiya ya Emmanuel nchini mwao, na mwaka 1992 wakafungua kituo cha watoto wa mitaani mjini Kigali.

Alipinga watu kugawanywa kwa kabila, akataka kabila lifutwe kwenye vitambulisho. Tarehe 7 Aprili 1994 askari walimwua nyumbani kwake Kigali, pamoja na Daphrose na watoto wao sita kati ya kumi. Mwaka 2015 Kanisa lilianza kuchunguza kama mume na mke hao wanastahili kutangazwa watakatifu.

Kwa nini tunayakumbuka haya kambini? Wako wazazi waliotukataza kuwafundisha watoto wao ngoma za kabila jingine. Hatuwalaumu, kila mmoja ana kaburi analolilia. Lakini mtoto aliyejifunza kupokea mdundo wa mwenzake amejifunza kumsikiliza. Na ndugu wa mashirika mtuelewe: tunapoomba ngozi ya kuwamba ngoma, hatujasahau unga wala dawa. Tunaomba kitu cha kuwaweka watoto hawa uwanja mmoja.

Kila Jumamosi asubuhi kundi la shule hufanya mazoezi nyuma ya darasa la tano. Wazee mnaokumbuka nyimbo za zamani, za upande wowote, karibuni mtufundishe kabla hazijasahaulika.